Leseni ni ya Mtu, Bima ni ya Chombo: Hakikisha Kabla Hujarudi Barabarani

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi kwa waendesha bodaboda, madereva na viongozi wa jamii, Base Camp, Makazi ya Nakivale

   

Kwanza nawashukuru kwa kunikubalia nizungumze Kiswahili. Katika makazi haya, ambayo yamepokea watu wanaokimbia vita tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, hutamkwa lugha nyingi kiasi kwamba mtu akitoka New Congo hadi mtaa wa Wasomali husikia nusu ya Afrika. Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kuelewana bila kumfanya yeyote mgeni. Nasi katika Jeshi la Polisi la Uganda tumekitumia tangu enzi za babu zetu, kwenye gwaride na kwenye doria. Kwa hiyo leo hakuna mkalimani kati yangu na ninyi. Nikikosea, mtanisahihisha, nikisema kweli, msiniambie baadaye kwamba hamkuelewa.

Jambo lililonileta ni dogo kwa sura, lakini limevunja nyumba za watu. Ni habari ya mtu aliyefungiwa leseni yake ya udereva, ile ambayo wengi hapa Uganda huiita pamiti. Muda wa kufungiwa umekwisha au unakaribia kwisha, naye anataka kurudi barabarani. Ana njaa ya kazi. Mwenye pikipiki anamdai hesabu. Watoto wanadai ada. Anakimbilia kulipa hiki na kile, anapata karatasi, anapanda pikipiki. Swali langu kwenu leo ni moja: je, karatasi uliyo nayo mkononi imekwisha kuandikwa katika daftari linalohusika, au bado ni ahadi tu?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: hata haki isipoandikwa mahali pake huisha bila habari.

Ndugu zangu, nitawasimulia kisa kimoja. Sitataja jina la mtu, wala la kampuni, wala la kijiji, maana nia yangu si kumwaibisha aliyekwisha kuumia. Alikuwako kijana mmoja mwendesha bodaboda, mchapakazi, asiyekunywa pombe. Siku moja aliendesha bila uangalifu, akapelekwa mahakamani, akatozwa faini, na hakimu akamfungia leseni kwa miezi sita. Kijana alitii. Aliiweka pikipiki nyumbani, akashika jembe, akalima mahindi miezi sita yote. Hakupanda hata mara moja. Namsifu kwa hilo.

Miezi sita ilitimia siku ya Ijumaa. Jumamosi ilikuwa siku ya soko. Wakati pikipiki ilipokuwa imelala nyumbani, stika ya bima nayo ilikuwa imemaliza mwaka wake. Jioni ya Ijumaa kijana alimtafuta mtu anayeuza bima, akamlipa fedha taslimu, akaandikiwa stakabadhi kwa mkono. Yule wakala alimwambia, “Usijali, umeshalipa. Jumatatu nitaingiza majina, stika utaipata.” Kuhusu leseni, kijana alifikiri kwamba kwa kuwa miezi sita imekwisha, basi imekwisha, kadi yenyewe ilikuwa bado ndani ya jalada la mahakama.

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye mteremko, alimgonga mama mmoja aliyekuwa amebeba ndizi kichwani akielekea sokoni. Mguu wa mama ulivunjika mahali pawili. Alipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, akalala huko wiki nyingi.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Familia ya mama ilipotafuta fidia, kampuni ya bima ilitazama katika mfumo wake, ikasema: bima ya pikipiki hii imeanza Jumatatu, na ajali imetokea Jumamosi. Wakala hakuwa mwizi. Alitimiza ahadi yake. Jumatatu aliingiza majina kama alivyosema. Lakini kati ya Ijumaa na Jumatatu palikuwa na shimo la siku mbili, na ndani ya shimo hilo ndimo mama yule alimotumbukia. Kijana alirudishwa mahakamani kwa makosa mawili mapya. Mama alikosa msimu mzima wa kulima. Na mwenye pikipiki, ambaye hakuwapo hata eneo la ajali, aliuza mbuzi wake kusaidia gharama za matibabu.

Watu watatu waliumia, na kati yao hakuna aliyekuwa mhalifu wa kukusudia. Kilichowaumiza ni kuchukua malipo kuwa ndiyo ukamilifu. Kulipa ni jambo moja. Kusajiliwa ni jambo la pili. Mtu akiyachanganya mawili haya, siku moja atalia.

Waheshimiwa, naomba sasa nieleze jinsi mambo yalivyopangwa na sheria, ili kila mmoja aone mwenyewe mahali penye hatari.

Uganda ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2020. Hiyo ndiyo inayosema nani aruhusiwe kuendesha, na ndiyo inayoipa mahakama uwezo wa kumfungia mtu leseni. Kando yake iko sheria nyingine, ya mwaka 1989, ihusuyo bima ya magari kwa ajili ya watu wengine wanaoweza kuumizwa. Hiyo inasema kwamba chombo chochote cha moto kisitumiwe barabarani, wala mwenye chombo asimruhusu mtu mwingine kukitumia, ikiwa hakina bima hiyo. Twaiita bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe mwenye chombo, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule mama mwenye ndizi ambaye hajui hata jina lako.

Fahamuni vizuri bima hii inafanya nini na haifanyi nini. Inahusu kifo na majeraha ya mwili ya yule mtu wa tatu. Haitengenezi pikipiki yako iliyopinda. Haijengi ukuta ulioubomoa. Haikutibu wewe dereva uliyeanguka. Na hata fidia yenyewe ina kikomo kilichowekwa na sheria, ambacho wengi wetu tunakiona kuwa kidogo. Lakini kidogo kilichosajiliwa ni bora kuliko kikubwa kisichokuwapo.

Hapo ndipo ninapofikia maneno niliyoyafanya kichwa cha hotuba hii. Leseni ni ya mtu. Bima ni ya chombo. Leseni hukufuata wewe popote uendapo, hata ukipanda pikipiki ya jirani. Bima hubaki na chombo, hata kama leo kinaendeshwa na huyu na kesho na yule. Kwa hiyo ni madaftari mawili tofauti, yanayotunzwa na ofisi mbili tofauti. Leseni hushughulikiwa chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na tangu mwaka 2021 kadi zake hutolewa na kampuni ya uchapaji wa usalama ambayo serikali ni mbia. Bima huuzwa na kampuni binafsi, chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda. Juu ya hayo mawili iko mahakama, yenye jalada lake, na iko polisi, yenye kumbukumbu za ajali na za faini.

Msidhani kwamba madaftari haya yanasemezana usiku sisi tukiwa tumelala. Daftari moja likisema “ndiyo”, jingine laweza kuwa bado linasema “hapana”. Na anayesimama katikati, mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba yote yamesema “ndiyo”, ni wewe dereva, pamoja na mwenye chombo.

Nitatoa mfano wa nchi nyingine, kwa sababu najua kwamba katika kila kijiji cha Nakivale kuna familia yenye ndugu aliyehamishiwa Marekani, au yenye jalada linalongojea safari. Mzazi mmoja hapa aliwahi kunionyesha ujumbe wa mwanawe aliye huko. Kijana alifungiwa leseni baada ya kukamatwa akiendesha gari lisilo na bima. Alipotaka kurudishiwa leseni, ofisi ya jimbo ilimwambia hatarudishiwa mpaka ipokee hati iitwayo SR-22. Baba mtu alidhani hiyo ni aina ya bima. Sivyo. Ni hati ambayo kampuni ya bima yenyewe huipeleka kwa ofisi ya leseni ya jimbo, kuthibitisha kwamba dereva huyu ana bima isiyopungua kiwango kinachotakiwa na sheria. Katika majimbo mengi dereva hutakiwa kuwa chini ya hati hiyo kwa muda wa miaka kama mitatu. Akiacha kulipia bima, hata kwa kusahau, kampuni hulazimika kuiarifu ofisi, na leseni hufungwa tena.

Sasa angalieni: hata huko, penye kompyuta kila chumba, yule kijana alilipa, akaambiwa na kampuni kwamba hati imetumwa, akashika usukani siku iyo hiyo. Ofisi ya jimbo ilikuwa bado haijaipokea wala kuiandika. Alisimamishwa na askari, na askari alitazama katika mfumo wake, akaona leseni bado imefungwa. Katika majimbo mengi ya huko kuendesha ukiwa umefungiwa leseni ni kosa la jinai. Kwa mgeni asiyekuwa na uraia, hilo ni doa asilolihitaji. Neno “imetumwa” halina maana sawa na neno “imepokewa”, na “imepokewa” halina maana sawa na “imeandikwa na leseni yako imefunguliwa”. Ninyi mnaosubiri safari, chukueni somo hili mwende nalo.

Hapa kwetu sheria haimtaki mwenye bima apelekewe hati ya namna hiyo mahakamani au katika ofisi ya leseni. Mtu aweza kuliona hilo kuwa ni nafuu. Mimi naliona kuwa ni mzigo, kwa sababu huko Marekani ofisi humzuia dereva mpaka daftari likamilike, lakini hapa hakuna wa kukuzuia ila wewe mwenyewe, mpaka siku utakapokutana na askari au, Mungu apishe mbali, na ajali.

Ndugu zangu, basi tufanyeje? Nitataja hatua kwa utaratibu, na nawaomba wenyeviti wa stegi wazirudie katika mikutano yao.

Hatua ya kwanza: isome amri ya mahakama, au usomewe na mtu unayemwamini. Jua umefungiwa tangu tarehe gani hadi tarehe gani, na kama kuna sharti lolote lililoambatanishwa. Kama hukuelewa lugha iliyotumiwa mahakamani, una haki ya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Muda ukiisha, nenda kwa karani wa mahakama iliyotoa amri, uulize jalada lako linasema nini na kadi yako iko wapi. Usihesabu miezi kwa vidole kisha ukajihukumia mwenyewe kwamba umeachiliwa.

Hatua ya pili: hakikisha faini zako zote zimelipwa na malipo yameonekana. Faini ya barabarani hailipwi mkononi mwa askari. Hulipwa benki au kwa njia rasmi ya simu, kwa namba ya malipo, na fedha huingia kwa Mamlaka ya Mapato. Ukishalipa, tunza stakabadhi, kisha rudi uulize kama tiketi yako imeonekana kuwa imelipwa. Wapo waliokosea tarakimu moja ya namba ya malipo, wakakaa mwaka mzima wakiamini kwamba hawadaiwi.

Hatua ya tatu: itazame leseni yenyewe. Kadi hutolewa kwa mwaka mmoja, mitatu au mitano. Inawezekana kabisa kwamba wakati wa kufungiwa, muda wa kadi nao umemalizika. Hapo huna leseni iliyofunguliwa. Una kadi iliyokufa. Tazama pia daraja: leseni ya gari dogo peke yake haikuruhusu kubeba abiria kwa pikipiki. Kwa mkimbizi, hakikisha kwamba jina lililo katika kadi ya ukimbizi na jina lililo katika leseni ni moja, kwa herufi zile zile. Nimeona mtu aliyeandikwa jina lake kwa tahajia ya Kifaransa katika kadi moja na kwa tahajia ya Kiingereza katika nyingine. Mfumo ulimwona kuwa ni watu wawili. Jambo hilo lirekebishwe ukiwa na amani, si siku ya ajali.

Hatua ya nne: kama chombo kilihusika katika ajali au kilikamatwa, kikaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi, na upate taarifa yake. Breki zilizokufa hazifufuliwi na stika mpya.

Hatua ya tano, ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu: bima. Nunua kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa. Kabla hujaondoka hapo, soma mambo manne: namba ya usajili ya chombo, namba ya chesisi, tarehe ya kuanza, na tarehe ya kuisha. Tarehe ya kuanza ndiyo iliyomwangusha yule kijana wetu. Usikubali stakabadhi ya mkono iwe badala ya bima. Mwambie wakala, kwa adabu, “Ndugu yangu, nionyeshe namba hii ikiwa imeonekana katika mfumo.” Akikuambia Jumatatu, basi pikipiki ilale hadi Jumatatu. Majirani zetu wa Tanzania wamezoea jambo hili. Mamlaka yao ya bima ina mfumo ambamo mtu yeyote huhakiki stika ya gari kwa kutumia namba tu. Nasi tujizoeze kuhakiki.

Hatua ya sita: weka nakala. Piga picha ya kila karatasi kwa simu yako, umpe mwenye chombo nakala, na nyingine iache nyumbani. Mvua za Isingiro haziheshimu stakabadhi.

Na kwa wale mnaovuka mpaka wa Kikagati kwenda Tanzania kwa biashara, kumbukeni kwamba stika ya Uganda hukomea mpakani. Ng’ambo yahitajika bima inayokubaliwa huko. Ndiyo sababu kuna Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo huitambua ijapokuwa si mwanachama wa COMESA. Ulizeni kwa kampuni ya bima kabla ya safari, si katikati ya daraja.

Waheshimiwa, msidhani kwamba nawahubiria kutoka juu. Mimi mwenyewe nilishawahi kuanguka. Miaka michache iliyopita nilinunua bima ya gari langu dogo kwa wakala mmoja mjini. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nachelewa kikao. Nilipokea karatasi, nikaikunja, nikaenda zangu. Wiki tatu nilikuwa naendesha gari kati ya nyumbani na kazini mjini Mbarara, nimevaa sare hii hii mnayoiona. Siku moja nilipokuwa nawafundisha askari vijana namna ya kuhakiki stika, nilitoa yangu iwe mfano. Herufi ya mwisho ya namba ya usajili haikuwa ya gari langu. Mbele ya vijana wale nilikuwa afisa wa polisi niliyekuwa nimeendesha gari lisilo na bima kwa siku ishirini na moja. Wakala aliandika vibaya, ni kweli. Lakini macho ya kusoma nilikuwa nayo mimi. Tangu siku hiyo sikunji karatasi kabla ya kuisoma.

Najua pia mnalosema ninyi mkiwa peke yenu kwenye stegi. Mnasema, “Afande anatuambia tusubiri hadi Jumatatu, lakini njaa haisubiri Jumatatu.” Mnasema hesabu ya mwenye pikipiki ni ya kila siku, awe mtu amefungiwa au hajafungiwa. Mnasema kwenda Mbarara na kurudi ni nauli, na ofisini unaweza kuambiwa njoo kesho. Na mnasema kwa sauti ya chini kwamba wako askari ambao huona karatasi iliyopungua kuwa ni nafasi yao ya kuomba kitu kidogo.

Sitayakana hayo. Kuhusu hili la mwisho nitasema wazi: askari anayekuomba fedha mkononi anavunja sheria kama wewe usiye na bima, na kosa lake ni kubwa zaidi kwa sababu yeye aliapa. Mwombe akuandikie tiketi. Soma jina au namba iliyo kifuani pake. Peleka malalamiko kwa kamanda wa kituo, au kwa Kitengo cha Viwango vya Utumishi cha Polisi. Hilo ni haki yako, uwe raia wa Uganda au mkimbizi. Lakini naomba muone jambo hili pia: karatasi iliyokamilika ndiyo inayomnyima askari mbaya chakula. Mtu ambaye mambo yake yote yameandikwa mahali pake hana sababu ya kuogopa kizuizi cha barabarani. Husimama, huonyesha, huendelea na safari.

Kuhusu njaa ya siku mbili, nina ombi kwa wenye pikipiki. Mzee wangu, mama yangu, wewe mwenye chombo, bima ni ya chombo, na chombo ni chako. Sheria inakutaja wewe pia, kwa kumruhusu mtu kukitumia kikiwa hakina bima. Msimsukume kijana aingie barabarani Jumamosi kwa ajili ya hesabu ya siku moja, kisha mkauza mbuzi Jumatano. Msameheni hesabu ya siku mbili. Na ninyi mnaomwachia pikipiki mtu aliyefungiwa leseni, mkisema “aende tu hapa karibu”: mikataba mingi ya bima ina sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali. Mkilivunja, mmeipa kampuni hoja dhidi yenu kwa mikono yenu wenyewe.

Kwa wenyeviti wa stegi nina pendekezo. Wekeni daftari la kawaida, la shilingi chache. Katika kila ukurasa andikeni namba ya pikipiki moja, tarehe ya kuisha kwa bima yake, na tarehe ya kuisha kwa leseni ya mwendeshaji. Kila mwanzo wa mwezi msome kwa sauti. Wale ambao bima yao inaisha mwezi huo waanze kuweka akiba siku hiyo hiyo, walipe wiki moja kabla. Mtu akinunua mapema, wakala akichelewa siku mbili au tatu, hakuna shimo la kutumbukia. Na mtu aliyefungiwa leseni aandikwe, si kwa kumwaibisha, bali ili wenzake wasimpe pikipiki, na siku zake zikitimia mmoja amsindikize kwa karani. Aliyetoka vitani peke yake asirudi mahakamani peke yake.

Kwa walioumizwa barabarani, au wanaouguza mtu, nasema hivi: ripoti polisi mapema, hata kama aliyekugonga ni jirani na mmekwisha kusameheana. Bila taarifa ya polisi na ya daktari, dai lako la bima halina miguu. Andika namba ya chombo na namba ya stika. Kampuni ikikucheleweshea bila sababu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina ofisi ya kusikiliza malalamiko. Kuwa mkimbizi hakukuondolei haki hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliwapa haki ya kufanya kazi na ya kusafiri; na pamoja na haki ya kutumia barabara huja wajibu wake na kinga yake, vyote kwa pamoja.

Ndugu zangu, mwaka 2023 Polisi ya Uganda ilihesabu watu 4,806 waliokufa katika ajali za barabarani nchini. Mwaka 2024 idadi hiyo ilipanda hadi 5,144. Sisi tunaoandika taarifa hizo hatuwaoni kama tarakimu. Tunaona kiatu kimoja kilichobaki barabarani. Tunaona simu inayolia mfukoni mwa marehemu, na kwenye kioo chake pameandikwa “Mama”. Bima haiwafufui hao. Lakini dereva ambaye ana subira ya kungoja daftari likamilike mara nyingi ndiye mwenye subira ya kupunguza mwendo kwenye mteremko. Ni subira ile ile.

Nilimtembelea yule mama wa ndizi nilipokuwa naandaa hotuba hii, nikamwomba ruhusa ya kukisimulia kisa chake. Anatembea sasa, kwa fimbo. Hakumlaani kijana. Aliniuliza swali moja tu: “Afande, hizo siku mbili angezingoja, angekufa?” Sikuwa na jibu la kumpa. Nimelileta swali lake kwenu, mlichukue mwende nalo kwenye stegi zenu.

Sasa nawapa nafasi mniulize maswali, na baada ya hapo askari wangu wa usalama barabarani wako chini ya mti ule. Leteni stika na leseni zenu tuzisome pamoja. Leo hakamatwi mtu kwa kosa la karatasi. Atakayeonekana ana upungufu ataelezwa aende wapi, na pikipiki yake ataisukuma kwa miguu hadi nyumbani, nasi tutamsaidia kuisukuma.

Mungu awabariki, na awafikishe salama.